Jinsi ya Kukokotoa Umbali na Muda wa Safari ya Ndege Kutoka Mtwara Hadi Miji ya Mbali

Msafiri anayeondoka Mtwara kwenda ng'ambo, awe mgonjwa anayepelekwa India kwa matibabu, mfanyabiashara wa korosho anayekwenda kuonana na wanunuzi wake, au mwanafunzi anayekwenda masomoni China, huulizwa maswali mawili na kila anayemuaga: huko ni mbali kiasi gani, na utafika saa ngapi? Swali la kwanza lina jibu moja ambalo halibadiliki, kwa kuwa viwanja vya ndege havihami. Swali la pili halina jibu la namna hiyo, kwa sababu muda wa safari hujengwa kipande kwa kipande: kasi ya ndege, upepo wa angani, njia inayoruhusiwa, saa za kusubiri ndege ya kuunganisha, na tofauti ya saa kati ya nchi na nchi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupata majibu yote mawili kwa kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu.

Mfano utakaotumika ni safari ya Mtwara hadi Mumbai kwa kupitia Dar es Salaam. Mumbai imechaguliwa kwa sababu watu wengi wa Kusini wana shughuli India, kwa sababu Air Tanzania ilianzisha safari za moja kwa moja kati ya Dar es Salaam na mji huo mwaka 2019, na kwa sababu saa za India zina nusu saa ya ziada ambayo huwachanganya hata wasafiri wazoefu. Atakayeimudu Mumbai ataimudu Guangzhou, Muscat au London bila shida.

Hatua ya kwanza: pata latitudo na longitudo za viwanja

Umbali wa safari ya ndege hupimwa kutoka kiwanja hadi kiwanja, si kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji mwingine. Kwa miji iliyo mbali sana tofauti hiyo ni ndogo, lakini mji kama London una viwanja vingi vilivyotawanyika, kwa hiyo ni vizuri kuanza kwa kusoma kwenye tiketi herufi tatu zinazotambulisha kiwanja. Mtwara ni MYW, Dar es Salaam ni DAR, Mumbai ni BOM. Ukishajua kiwanja, fungua ramani kwenye simu, bonyeza kwa kidole juu ya kiwanja hicho na ushikilie kwa muda. Namba mbili zitatokea. Ya kwanza ni latitudo, yaani umbali wa mahali hapo kutoka ikweta kwa digrii, na ya pili ni longitudo, yaani umbali wake kutoka mstari wa Greenwich.

Kwa mfano wetu, Mtwara ipo kwenye latitudo −10.34 na longitudo 40.18, Dar es Salaam ipo −6.88 na 39.20, na Mumbai ipo 19.09 na 72.87. Alama ya kutoa mbele ya latitudo ya Mtwara inaonyesha kwamba mahali hapo pako kusini mwa ikweta, na alama hiyo haipaswi kuachwa hata mara moja. Atakayeisahau ataihamisha Mtwara hadi kaskazini mwa ikweta, na umbali wake hadi Mumbai utapungua kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwenye karatasi.

Hatua ya pili: kokotoa umbali

Kwa safari fupi kama Mtwara hadi Dar es Salaam, hesabu ni nyepesi. Dunia ina mzunguko wa takribani kilomita 40,030, na ukigawa kwa digrii 360 unapata kilomita 111.2 kwa kila digrii moja. Latitudo za miji hiyo miwili zinatofautiana kwa digrii 3.46, ambazo ni kilomita 385. Longitudo zinatofautiana kwa digrii 0.98, ambazo kwenye eneo letu ni kama kilomita 108, kwa kuwa digrii za longitudo hupungua upana kadiri mtu anavyoiacha ikweta. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili (√) cha jumla hiyo: jibu ni kilomita 400. Kwa barabara ni takribani kilomita 560, kwa sababu barabara hufuata miji na kuzunguka mabonde na mito. Kwa mkazi wa Lindi tofauti hiyo huonekana hata kabla ya kupanda ndege, maana kutoka Lindi mjini hadi kiwanja cha Mtwara ni kama kilomita 65 kwa mstari ulionyooka, lakini kwa gari zinazidi 100.

Njia hiyo haifai kwa miji ya mbali, kwa sababu inaichukulia dunia kama sakafu. Dunia ni tufe, na njia fupi kabisa kati ya sehemu mbili za tufe ni kipande cha duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Hii ndiyo sababu ndege inayotoka London kwenda Los Angeles hupita karibu na Greenland, jambo ambalo kwenye ramani ya ukutani huonekana kama mzunguko mkubwa usio na maana, ilhali hiyo ndiyo njia fupi. Ramani ya ukutani imelazimika kuunyoosha uso wa tufe ili ukae kwenye karatasi, na katika kuunyoosha huko umbali wa sehemu zilizo karibu na ncha za dunia umevutwa sana. Kwa hiyo usipime umbali wa bara hadi bara kwa rula juu ya ramani ya ukutani.

Kwa asiyetaka kanuni, tufe la dunia la darasani na uzi vinatosha. Bana ncha ya uzi juu ya Mtwara, uvute ukiwa umekaza hadi Mumbai bila kuulazimisha ufuate mstari wowote, kisha uupime kwa rula. Kwenye tufe lenye kipenyo cha sentimita 30, kila sentimita moja ya uzi ni kama kilomita 425, na kati ya Mtwara na Mumbai utapata takribani sentimita 11 na nusu. Walimu wa jiografia na hisabati wa shule zetu wangefanya vizuri kuwapa wanafunzi zoezi hili, kwa sababu mtoto aliyeushika uzi huo kwa mikono yake hasahau tena kwamba njia fupi juu ya tufe haifanani na mstari wa rula juu ya karatasi.

Kwa anayetaka usahihi zaidi, kanuni ni hii: chukua sin ya latitudo ya kwanza uzidishe kwa sin ya latitudo ya pili; kisha, kando, chukua cos ya latitudo ya kwanza uzidishe kwa cos ya latitudo ya pili, kisha uzidishe tena kwa cos ya tofauti ya longitudo, jumlisha majibu hayo mawili, tafuta cos⁻¹ ya jumla, na mwisho zidisha kwa 111.2. Kwenye simu nyingi vitufe vya sin na cos hujitokeza unapolaza simu, na cos⁻¹ hujitokeza baada ya kubonyeza kitufe cha INV au 2nd. Kabla ya kuanza, hakikisha kikokotoo kinapima kwa digrii: andika cos 60, na kama jibu si 0.5, badilisha kutoka RAD kwenda DEG, la sivyo hesabu yote itakayofuata itakuwa haina maana.

Kwa Mtwara na Mumbai, tofauti ya longitudo ni 72.87 kutoa 40.18, yaani 32.69. Sin ya −10.34 ni −0.1795, na sin ya 19.09 ni 0.3271, zikizidishwa zinaleta −0.0587. Cos ya −10.34 ni 0.9838, cos ya 19.09 ni 0.9450, na cos ya 32.69 ni 0.8416, zote tatu zikizidishwa zinaleta 0.7824. Jumla ya majibu hayo mawili ni 0.7237. Cos⁻¹ yake ni digrii 43.64, na ukizidisha kwa 111.2 unapata kilomita 4,853. Kwa kuwa dunia si tufe kamili, bali imebonyea kidogo kwenye ncha zake, jibu la namna hii linaweza kupishana na umbali halisi kwa sehemu ndogo isiyofika asilimia moja. Andika kilomita 4,850 na uendelee.

Ukikuta umbali umeandikwa kwa maili, angalia ni maili gani. Marubani na manahodha hutumia maili za baharini, ambazo kila moja ni kilomita 1.852, na kasi yao huitaja kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609. Umbali wa Mtwara hadi Mumbai ni maili za baharini 2,620, lakini ni maili za nchi kavu 3,015, na namba zote mbili ni sahihi. Watu wa Mikindani na Kilwa wanaohesabu safari za baharini wataikumbuka kwa urahisi: maili moja ya baharini ni dakika moja ya latitudo, na dakika 60 ni digrii moja.

Hatua ya tatu: hesabu njia utakayopita kweli

Hakuna ndege ya abiria inayotoka Mtwara moja kwa moja hadi Mumbai, kwa hiyo kilomita 4,850 ni kipimo cha kulinganishia tu. Umbali utakaosafiri ni jumla ya vipande. Ukirudia kanuni ileile kwa Dar es Salaam na Mumbai utapata takribani kilomita 4,680. Ongeza 400 za Mtwara hadi Dar es Salaam, jumla ni 5,080. Mzunguko wa kupitia Dar es Salaam umeongeza kilomita 230 tu, kwa sababu jiji hilo liko karibu na njia.

Hali haiwi hivyo kila mara. Ho Chi Minh City, mji mkubwa wa kusini mwa Vietnam, nchi ambayo pamoja na India ni mnunuzi mkubwa wa korosho ghafi za Afrika, uko kilomita 7,700 hivi kutoka Mtwara kwa duara kuu. Anayekwenda huko kupitia Dar es Salaam na Doha atasafiri kilomita 400, kisha 3,820, kisha 5,990, jumla zaidi ya 10,200. Umbali umeongezeka kwa karibu theluthi, na ni kwa sababu ndege humpeleka kwanza kaskazini hadi Ghuba ndipo imgeuze kuelekea mashariki. Ukiwa na tiketi mbili za bei inayokaribiana zinazopita miji tofauti, kokotoa vipande vya kila moja na ulinganishe jumla. Bei peke yake haikwambii utakaa angani kwa muda gani.

Hatua ya nne: geuza umbali kuwa saa

Gawa umbali kwa kasi, kisha ongeza muda wa ardhini na wa kupanda na kushuka. Ndege ya pangaboi aina ya ATR 72 huenda takribani kilomita 500 kwa saa, na Dash 8-400 hukaribia 650. Ndege za jeti kama Airbus A220 au Boeing 787 huenda kati ya 830 na 900. Kwa kukadiria, kasi ya kilomita 870 kwa saa inafaa kwa jeti za safari ndefu.

Dar es Salaam hadi Mumbai ni kilomita 4,680. Ukigawa kwa 870 unapata 5.38. Namba hiyo ni saa tano na sehemu ya saa, si saa tano na dakika 38. Zidisha 0.38 kwa 60, utapata dakika 23. Ongeza nusu saa kwa ajili ya kutembea kuelekea barabara ya kurukia, kupanda taratibu, kupunguza mwendo wakati wa kushuka na kutafuta mahali pa kuegesha: jumla ni saa tano na dakika 53, yaani karibu saa sita.

Kwa Mtwara hadi Dar es Salaam, kilomita 400 kwa pangaboi ya kilomita 500 kwa saa ni dakika 48, na ukiongeza robo saa utapata kama saa moja. Ndege ya jeti haitaokoa dakika nyingi kwenye safari hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya umbali huishia katika kupanda na kushuka kabla ndege haijapata nafasi ya kwenda kwa kasi yake kamili. Ni vema jambo hili lieleweke, kwa kuwa wapo wanaochelewesha safari yao kwa kusubiri siku ya ndege ya jeti wakidhani watafika mapema zaidi.

Sasa lije suala la upepo, ambalo sisi wa pwani tunalijua kwa upande wa bahari lakini angani lina mambo yake. Ndege ikiwa na upepo nyuma, kasi ya upepo huongezwa kwenye kasi yake. Upepo ukiwa mbele, hupunguzwa. Upepo wa mbele wa kilomita 60 kwa saa utaishusha kasi ya 870 hadi 810, na safari ya Mumbai itaongezeka dakika 24. Upepo huohuo ukiwa nyuma utapunguza dakika 21. Mfano unaojulikana zaidi ni wa London na New York, umbali wa kilomita 5,540 hivi, ambapo upepo mkali unaovuma kutoka magharibi huifanya safari ya kwenda Marekani izidi ile ya kurudi kwa takribani saa nzima.

Mtu wa Lindi au Mtwara atakayesikia haya atafikiria mara moja kusi na kaskazi. Majahazi yalipelekwa na kusi kuelekea Uarabuni na India, na kurudishwa na kaskazi, na upepo wa kusi ukivuka ikweta hukata kona na kuvuma kuelekea India, ukibeba mvua zake za Juni hadi Septemba. Hata hivyo, kusi ni upepo wa chini. Katika miezi hiyohiyo, juu sana, kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 15, upepo juu ya Bahari ya Arabu na kusini mwa India huvuma kinyume chake, kutoka mashariki kwenda magharibi. Kwa hiyo msimu ambao jahazi lilipata msukumo mzuri wa kwenda India ndio msimu ambao ndege inaweza kukutana na upepo wa mbele. Usikadirie safari ya ndege kwa kuangalia minazi inainamia wapi.

Jambo jingine linalorefusha safari ni anga lililofungwa. Tangu mwaka 2022 mashirika mengi ya Ulaya hayaruhusiwi kupita juu ya Urusi, na safari ya Helsinki hadi Tokyo, ambayo awali ilichukua takribani saa tisa na nusu, ikawa ya saa 13 hivi. Viwanja havikusogea hata mita moja, lakini njia ilibadilika. Iwapo muda ulioandikwa kwenye tiketi yako unazidi ule uliokokotoa kwa saa moja au zaidi, sababu huwa ni mzunguko wa namna hiyo au kituo cha katikati, hivyo soma tiketi vizuri uone kama ndege inatua mahali kabla ya mwisho wa safari.

Hatua ya tano: shughulikia tofauti ya saa

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na ndipo panapohitaji utulivu. Saa zote za kuondoka na kufika zinazoandikwa kwenye tiketi ni saa za mahali husika: ya kuondoka ni ya mji unaouacha, ya kufika ni ya mji unaouendea. Kwa hiyo kutoa moja kutoka kwa nyingine hakukupi muda wa safari.

Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa ya UTC. India iko saa tano na nusu mbele, kwa hiyo Mumbai inatutangulia kwa saa mbili na nusu. Oman na Dubai zinatutangulia kwa saa moja, Vietnam kwa saa nne, na China yote kwa saa tano. Qatar, Ethiopia na Uturuki zina saa sawa na yetu.

Tuseme ndege inaondoka Dar es Salaam 17:30 na safari ni ya saa sita. Itatua wakati saa ya Dar es Salaam inasoma 23:30. Ongeza saa mbili na nusu, utapata 02:00 ya siku inayofuata, saa ya Mumbai. Tiketi itaonyesha 17:30 na 02:00, mara nyingi ikiwa na alama ya +1 kuashiria siku iliyofuata, na mtu asiyejua atasema safari ni ya saa nane na nusu. Wakati wa kurudi, ndege ikiondoka Mumbai 04:00 na kutumia saa sita na robo, itatua Dar es Salaam 07:45, na mtu yuleyule atasema kurudi ni saa tatu na dakika 45.

Kuna njia rahisi ya kuupata muda wa kweli hata kama hujui tofauti ya saa. Chukua muda unaoonekana wa kwenda, saa nane na nusu, na muda unaoonekana wa kurudi, saa tatu na dakika 45; jumlisha upate saa 12 na robo; gawa kwa mbili. Jibu ni saa sita na dakika saba, ambalo ndilo wastani wa muda wa kweli angani, kwa sababu saa zilizoongezwa wakati wa kwenda ndizo zilizopunguzwa wakati wa kurudi. Njia hii inafaa kwa mji wowote, mradi vipande vyote viwili viwe vya moja kwa moja.

Baada ya hapo, zigeuze saa za tiketi kuwa saa tunazozungumza nyumbani. Kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa sita: 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. Kuanzia 19:00 hadi usiku wa manane, toa 18: 23:30 ni saa tano na nusu usiku. Kuanzia 00:00 hadi 06:59, ongeza sita: 02:00 ni saa nane usiku. Msafiri anayeona 08:00 akaifahamu kuwa saa nane mchana atafika kiwanjani ndege ikiwa imeshaondoka tangu saa mbili asubuhi.

Tarehe inahitaji uangalifu wa kipekee kwa ndege za usiku. Kwa hesabu ya tiketi, siku mpya huanza saa sita usiku, ilhali kwa watu wengi wa pwani siku huanza jua linapozama. Ndege iliyoandikwa 00:30 ya Ijumaa inaondoka saa sita na nusu za usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo msafiri anapaswa kuwa kiwanjani Alhamisi saa tatu na nusu usiku. Atakayekwenda Ijumaa usiku amechelewa kwa siku nzima. Ninashauri tarehe ya aina hiyo iandikwe kwenye karatasi kwa maneno kamili, "Alhamisi usiku", na isomwe kwa sauti mbele ya atakayempeleka msafiri.

Kwa mgonjwa anayetumia dawa kwa saa maalumu, kama vile sindano za insulini, tofauti ya saa si jambo la kalenda tu. Amuulize daktari wake kabla ya safari, na abaki na saa moja ya mkononi isiyobadilishwa, ili wanaomhudumia waweze kuhesabu saa zilizopita kweli tangu dozi ya mwisho.

Hatua ya sita: ongeza muda wa kusubiri

Kwa msafiri wa Mtwara, kipande kinachokula saa nyingi kuliko anavyotarajia ni Dar es Salaam. Ndege za ndani na za kimataifa hazitumii jengo moja katika Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere. Safari za nje hutumia Jengo la Tatu la Abiria, lililozinduliwa mwaka 2019. Abiria wa kimataifa hutakiwa kufika saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Ukiwa na tiketi moja inayounganisha safari zote, uliza Mtwara kama mizigo yako inaandikishwa hadi mwisho. Ukiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa kando, utachukua mizigo mwenyewe na kuandikisha upya, na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina wajibu wa kukusubiri. Kwa tiketi za namna hiyo, ningependelea msafiri aje Dar es Salaam siku moja kabla, hasa akiwa mgonjwa au mtu asiyeweza kumudu gharama ya tiketi nyingine.

Turudi kwenye mfano. Tuseme ndege ya Mtwara inaondoka 11:00 na kutua Dar es Salaam 12:00, na ya Mumbai inaondoka 17:30 na kutua 23:30 kwa saa zetu. Kutoka 11:00 hadi 23:30 ni saa 12 na nusu, na kati ya hizo saba tu ndizo za kuwa ndani ya ndege. Ongeza saa mbili za kuwahi kiwanja cha Mtwara na saa moja au zaidi za uhamiaji na mizigo Mumbai. Anayetoka Lindi, Newala au Masasi aongeze na muda wa barabara. Wanaokwenda Dar es Salaam kwa basi ili kupunguza gharama wafanye hesabu hiyohiyo kwa kilomita 560, na wakati wa mvua waache nafasi kubwa zaidi, kwani mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ilikatika na magari yalikwama.

Hatua ya saba: hakiki tena karibu na siku ya safari

Mashirika ya ndege hubadilisha ratiba zake mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Siku hizohizo nchi za Ulaya husogeza saa zao: London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi, na kwa saa mbili kuanzia mwisho wa Machi. India, China na nchi za Ghuba hazisogezi saa, kwa hiyo tofauti yao na yetu haibadiliki mwaka mzima. Aliyekata tiketi Januari kwa safari ya Aprili asome upya saa zote za tiketi yake, afanye tena hesabu ya kuunganisha ndege, na awatumie watakaompokea saa ya kufika kwa saa za huko, akitaja siku na tarehe.